Spika za Mkwe Wangu

Mtu akipona kwetu Sindo haulizwi kama atatoa ushuhuda kanisani, anaulizwa ni lini. Mimi nilisimama Jumapili ya kwanza niliyoweza kutembea hadi mbele bila kushikwa mkono. Nilikuwa na kitambaa kichwani na gauni lililonipwaya kama la kuazima. Nikasema nilikuwa mgonjwa sana, nikatibiwa Homa Bay, Mungu akanitendea. Akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akaitikia amina, nami nikarudi kuketi. Nilishukuru kwa moyo wangu wote, ila sikuwa nimewaambia niliugua nini.

Sababu ilikuwa imekaa karibu na dirisha, nyuma ya spika mbili kubwa, ikizungusha vidude vya mashine ya sauti. Huyo ni Ochieng', mume wa binti yangu Akoth, yaani mkwe wangu.

Kama hutujui, wacha nikueleze. Sisi Wajaluo, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawali meza moja. Wakikutana njiani husalimiana kwa mbali, macho chini. Mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake hata mvua ya mawe ikinyesha, na kutaja viungo vya mwili wako mbele yake ni jambo ambalo hata mlevi hulikwepa. Wazee wanasema anayevunja miiko hii hupatwa na chira, akakonda mpaka akaisha. Mimi ni mtu wa kanisa, sijui kama naiamini chira, lakini sijawahi kutaka kuijaribu.

Sasa huyu mkwe wangu kazi yake ni kukodisha spika. Mazishi, harusi, harambee, mikutano ya wanasiasa, kanisa, kote anaitwa. Popote penye watu wa kutosha kusikiliza ushuhuda wa mtu, Ochieng' yupo. Fikiria balaa langu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa saratani ya titi. Hapa nimeandika bila shida, kwa sababu karatasi haina mkwe.

Ilianza msimu ule uvuvi wa omena, dagaa wetu wa ziwani, umefungwa, mitumbwi imepumzika ufukweni na sisi wauzaji tunakula akiba. Nilikuwa naoga nikagusa kitu kama punje ya njugu mawe, kigumu, upande wa kushoto. Hakikuuma, na kitu kisichouma kwetu hakina haraka. Omena walipofunguliwa nikarudi kwenye biashara yangu, nikawa nasafirisha magunia hadi soko la Kegonga, kule kwa Wakuria, na kurudi na mahindi na wimbi. Punje ikawa inasafiri na mimi, ikikua. Ni Akoth aliyenigundua, siku aliyokuja kutusalimu akanikuta naanua nguo kwa mkono mmoja.

"Mama, huo mkono mwingine una nini?"

"Umechoka tu."

"Umechoka na nini na leo hujabeba kitu?"

Hakuniacha. Alikuwa na ukali wa bibi yake, mama yangu mzazi, na kesho yake nilikuwa kwenye benchi la hospitali Homa Bay.

Nitasema kidogo juu ya benchi lile kwa sababu ndipo nilipokaa zaidi kuliko mahali pengine popote katika ugonjwa wangu. Ni refu, la mbao, limeegemezwa ukutani. Mmoja akiitwa ndani, wote mnasogea. Kwa hiyo kila mara unakalia joto la mtu mwingine. Mwanzoni nilichukia. Baadaye nikazoea, na ikafika mahali nikiketi penye baridi naona kama sijafika. Kulikuwa na mzee mmoja wa kisiwani Remba, amevimba shingo, ambaye alivuka ziwa kila mara akija na mto wake wa kukalia. Yeye ndiye alikuwa mchekeshaji wetu. Mtu akiitwa, anasema, "Haya, songeni, nyumba imepatikana." Siku moja nikafika mzee hayupo, na mara nyingine tena hayupo, tukaacha kuulizana. Tuliendelea kusogea, lakini kwa muda mrefu hakuna aliyesema habari ya nyumba.

Walinipasua kabla ya mvua ndefu. Sitaeleza yaliyofanyika mle ndani kwa sababu nililala, na aliyelala si shahidi. Ninachojua ni kwamba niliamka nimefungwa kitambaa kizito, nikajipapasa, upande mmoja ukawa kama meza. Nikalia. Mwanamke wa kitanda cha pili akaniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akanimenyea ndizi. Simjui jina hadi leo, na kila nikimenya ndizi namwombea.

Baada ya kidonda kukauka likaja suala la dawa ya dripu, ile nyekundu inayokufanya ukojoe wekundu. Nilitakiwa kuwekewa, nipumzike majuma kadhaa, niwekewe tena. Siku ya dawa huwezi kurudi Sindo, tumbo halikubali barabara. Binti yangu anaishi hapo hapo mjini Homa Bay, mwendo mfupi kutoka hospitali. Lakini nyumba ya binti yangu ni nyumba ya Ochieng'.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Shemeji yangu Odongo, ndugu mkubwa wa mume wangu, alikuja hadi kwetu kuonya. "Shemeji, tayari umekonda. Ukilala kwa mkwe, hiyo si ugonjwa tena, hiyo ni chira, na itashika mpaka watoto." Akoth naye akafoka kwenye simu kwamba atanibeba mgongoni aniingize ndani, na anayetaka kufa kwa chira afe. Mume wangu, Okumu, ni fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno machache. Alimwambia ndugu yake, "Kaka, mimi nataka mke." Hawakusemezana tena kwa msimu mzima.

Aliyetutoa kwenye tope ni Ochieng' mwenyewe. Hakusema na mtu. Alienda kwa mwalimu jirani yao, ambaye chumba chake kimepakana na nyumba yao ukuta kwa ukuta, akamwomba awe anampisha mama mgonjwa. Mwalimu akakubali kwenda kulala kwa dada yake kila nilipokuwa na dawa. Kwa hiyo nililala kwa mwalimu, si kwa mkwe. Akoth akawa anazunguka na uji kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na mila ikabaki imesimama wima.

Jioni ya dawa ya kwanza kichefuchefu kilinishika kabla jua halijatua. Nikakumbatia beseni. Mara nikasikia redio ya upande wa pili inaongezwa sauti, rumba, mpaka kikombe kikatetemeka kwenye meza ya mwalimu. Nikitulia, redio inashuka. Nikianza tena, rumba hiyo inapanda. Nikawaka hasira. Akoth alipoingia nikamwambia, "Mumeo ni mtu wa namna gani? Mama wa mke wake anatapika utumbo, yeye anapiga rumba!"

Akoth akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mama, huu ukuta ni mabati tu, kila kitu kinasikika. Anaongeza ili asikusikie. Amesema si vizuri mkwe akusikie ukiwa hivyo."

Nililia kidogo, nikacheka, kisha nikatapika tena, na redio ikapanda. Tangu siku hiyo sikuwahi kuona haya kwa kutapika. Nilitapika kwa nguvu kama mtu aliye peke yake shambani. Kila dawa iliyofuata ilikuwa na rumba yake, na hata sasa nikizisikia nyimbo zile tumbo hunigeuka, lakini nahisi kupendwa.

Nywele zilitoka baada ya dawa ya pili, mvua zikiwa zimeshika. Zilibaki kwenye mto kama manyoya ya kuku. Nikanyoa zilizobaki. Sasa kwetu mwanamke mtu mzima mwenye kichwa kipara ni mjane, na watu wa mbali wasiojua wakawa wananipa pole. Mmoja alinishika mikono sokoni akaniuliza mzee tulimzika lini. Nikarudi nyumbani nikamwambia Okumu, naye alikuwa anapigilia misumari kwenye mtumbwi. Hakuinua kichwa. "Waambie ni Ijumaa," akasema. "Waje na sukari." Tulicheka hadi kidonda kikaniuma. Kucha zilikuwa nyeusi, omena waliniwia ladha ya chuma, nyayo zilichoma kama nimekanyaga majivu ya moto, lakini ile Ijumaa ya mume wangu ilitulisha kicheko kwa majuma mengi.

Sasa niwaambie habari za Robi. Robi ni Mkuria wa Kegonga, anauza nafaka, na ni rafiki yangu tangu tukiwa na watoto mgongoni. Yeye hajui Kijaluo, mimi sijui Kikuria, urafiki wetu wote tumeujenga kwa Kiswahili cha sokoni. Nilipokoma kufika Kegonga aliuliza, akaambiwa, akafunga kibanda chake akaja Sindo na gunia dogo la wimbi kichwani.

"We mwanamke," akasema mlangoni, "umekuwa kijiti cha kuchokonolea meno."

Alinipikia uji wa wimbi mpaka nikaweza kuushikilia tumboni. Halafu akaniona nikivaa, nikijaza matambara kwenye sidiria upande usio na kitu, yanashuka, nayapandisha. Akashona kifuko cha kitambaa, akakijaza wimbi, akakipima kwa kiganja, akaongeza kidogo. Kilikaa vizuri ajabu. Kilikuwa na uzito wa kweli. Kasoro yake niliijua baadaye, siku niliponyeshewa na mvua nikasahau kukianika, na baada ya siku chache nikakuta wimbi limeanza kuchipua. Okumu alisema tusiling'oe, tungoje mavuno.

Dawa ya mwisho iliisha omena wakiwa wamefungwa tena. Mwaka ulikuwa umezunguka. Nywele zikaota laini kama za mtoto, Odongo akaja na kuku mkononi bila kutaja chira, na mimi nikatoa ule ushuhuda wangu niliokwisha kuwaeleza. Robi alisafiri kuja kunisikia. Alikaa na wageni mbele kabisa, na watu walipopiga vigelegele niliona yeye ameshika mikono yake mapajani.

Niliporudi Kegonga na magunia ya omena, mahindi mapya yakiwa yamejaa sokoni, aliniita nyuma ya magunia yake. Akachukua mkono wangu, akauweka chini ya kwapa lake, pembeni. Sikuhitaji kuambiwa. Vidole vyangu vilikijua kitu kile.

"Tangu lini?"

"Tangu palizi."

"Robi, twende Homa Bay. Kesho. Nitakaa na wewe kwenye benchi."

"Siendi. Watanikata, halafu Marwa ataniona mimi si kitu." Marwa ni mume wake.

"Mimi walinikata na nipo."

"Upo, lakini unanong'ona." Alitazama huku na huku. "Tumesimama hapa kama wezi. Nilikuja kanisani kwenu, ukasema ugonjwa, ugonjwa, kama vile hauna jina. Wewe umepona na bado unauficha! Basi hicho kitu ni kibaya kuliko kufa, Mama Akoth. Mimi sitaki kuwa mtu wa kunong'onwa."

Nikamweleza habari ya mkwe na spika. Alielewa, maana Wakuria nao wana heshima za ukwe, tena kali pengine kuliko zetu. Lakini hakulegea. "Siku utasema mbele ya watu, Marwa akiwa hapo anasikia, hiyo siku nitaenda. Nje ya hapo niache na uzito wangu."

Nilirudi Sindo na moyo umekunjamana. Namjua Robi. Bei akishaitaja huwa haipunguzi.

Mungu si Athumani. Haikupita muda, kanisa la Robi likapanga siku ya afya pale sokoni, wauguzi waje kuwapima akina mama, na watafute mtu aliyeugua awasimulie. Robi akataja jina langu. Nilikubali hata kabla hajamaliza sentensi. Kegonga sina ukoo, sina mkwe, sina anayenijua ila kwa omena. Kule ningesema yote, wazi, kwa mdomo mpana. Nilifanya mazoezi jikoni nikiisimulia sufuria.

Halafu Akoth akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Mama, nina habari njema! Baba Hawi amesikia hawana spika. Ataleta zake mpaka Kegonga. Bure!"

Hawi ni mjukuu wangu, na Baba Hawi ndiye huyo huyo Ochieng'. Nilikaa chini.

"Mwambie asijisumbue. Ni mbali. Barabara mbaya."

"Mama, amefurahi sana. Anasema tangu anioe hajawahi kukufanyia kitu cha maana."

Hajawahi! Na zile rumba? Ningemkatalia vipi? Kumkatalia mkwe zawadi ni kumtupia mlangoni, na jambo hilo huvunja nyumba. Nikamwendea Okumu ufukweni. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Sema kwa mafumbo," akashauri. Nikamwambia Robi hataki mafumbo. Akaacha kucheka, akanitazama. "Basi sijui, Mama Akoth. Lakini nenda."

Nilitangulia, nikalala kwa Robi. Asubuhi tulipofika uwanja wa soko nikamkuta Ochieng' amekwisha kufunga spika juu ya meza, moja kila upande, anajaribu maiki: moja, mbili, moja, mbili. Aliponiona alivua kofia, akainama.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Baba Hawi. Pole na safari."

Basi, kila mtu akaangalia kwingine.

Watu walijaa. Akina mama wa nafaka na ndizi mbele, vijana pembeni, wazee nyuma wameegemea fimbo. Marwa alisimama kando ya kinu cha kusaga, mikono amefunga kifuani, kama mtu aliyeletwa kushuhudia kesi ya jirani. Robi alikaa mstari wa mbele, leso yake mapajani. Wauguzi walikuwa na hema lao upande wa pili, mlango wake ukiwa wazi na hakuna aliyekuwa akilikaribia.

Nikapewa maiki. Nikasema Bwana asifiwe. Nikasema, "Nilikuwa mgonjwa sana. Nikatibiwa Homa Bay." Nikasikia maneno yangu yanatoka kwenye spika yakiwa yale yale ya kanisani, yamechakaa kwa kurudiwa. Nikamtazama Robi. Alikuwa anafunga leso kiunoni, polepole, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Nikanyamaza. Spika zikavuma. Mtoto mmoja alianza kulia, akapewa ziwa.

"Ndugu zangu wa Kegonga," nikasema, "nina shida. Yule kijana wa mitambo mnamwona? Amemwoa binti yangu."

Kulipita mguno kutoka mbele hadi nyuma. Bikizee mmoja mbele yangu akaziba mdomo kwa kiganja. "Mkwe?" akauliza. "Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Yalaa!" akasema mzee mmoja huko nyuma. "Hiyo ni ngumu."

Wengine wakacheka, kisha kicheko kikafa chenyewe. Sikuweza kumtazama Ochieng'. Niliongea nikitazama ardhi. "Nimekuja hapa na neno ambalo mama mkwe hasemi. Nikilisema, nimemvunjia heshima mtoto wa watu, na amenitendea mema ambayo siwezi kuyamaliza. Nisipolisema, kuna mtu hapa uwanjani atakufa mimi nikiilinda heshima yangu. Nimeshindwa. Nisaidieni."

Nikasikia kiti kikiburutwa, nikainua macho.

Ochieng' alikuwa amesimama. Nikajua anaondoka, na nisingemlaumu. Lakini alichukua kiti chake cha plastiki, akakigeuza, akakaa akitupa mgongo sisi sote, uso wake ukielekea ukuta wa ghala la mahindi. Halafu mkono wake wa kulia ukarudi nyuma, ukapapasa mashine bila yeye kugeuka, ukakipata kile kidude cha sauti.

Akaongeza.

Nilisikia pumzi yangu mwenyewe inatoka kwenye spika zote mbili. Nikakumbuka chumba cha mwalimu, beseni, na rumba ikipanda nyuma ya mabati. Machozi yakanijia, lakini sauti haikukatika.

"Niliugua saratani ya titi," nikasema.

Neno hilo lilienda hadi kwenye maduka, hadi kwa wauza ndizi, likagonga ukuta wa ghala likarudi. Mbingu haikuanguka. Mkwe wangu hakugeuza hata shingo. Basi nikasema yote: punje, benchi, mkono uliochoka, dawa nyekundu, mkojo mwekundu, nywele, kucha. Nilisema waliondoa titi la kushoto lote. Kisha nikaingiza mkono ndani ya gauni, nikatoa kifuko cha wimbi, nikakiweka mezani.

"Na hili mnaloliona siku zote nikiwauzia omena ni wimbi la Robi."

Wanawake walipiga kelele, wakaangukiana mabegani kwa kicheko. Bikizee wa mbele aliomba akishike. Akakipima mkononi, akampa jirani, kikazunguka mstari mzima kama sadaka, na kila aliyekishika alikuwa anacheka akifuta macho. Nikaona mgongo wa Ochieng' unatikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia, na sikutaka kujua.

Ndipo Marwa akafungua mikono. "Mama," akaita kutoka kwenye kinu, "mzee wako alisemaje alipoona?"

Robi hakugeuka kumtazama.

"Nilivua gauni mbele yake, taa ikiwaka," nikasema. "Alitazama. Nikaona sasa yameisha. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Wazee wakacheka kwa ile sauti ya watu wanaojuana. Marwa hakucheka. Aliinamia kiatu chake, akakikung'uta vumbi ambalo sikuliona.

Nilipomaliza sikusubiri makofi, nilikuwa nimeishiwa nguvu. Robi alisimama, akapita mbele ya watu wote akielekea hema la wauguzi. Alikuwa wa kwanza. Katikati ya uwanja alisimama kidogo, nikaogopa. Marwa alikuwa anamfuata nyuma, haraka haraka, na alipomfikia alichukua mkoba wake, akaubeba yeye. Wakaingia pamoja. Akina mama wengine wakaanza kunyanyuka.

Jioni Ochieng' alikuwa anapakia spika. Nilisimama mbali, kama inavyotakiwa, nikasema, "Erokamano, Baba Hawi." Hilo kwetu ni asante, lakini asante yenye tumbo.

Akaendelea kukunja nyaya, macho chini. "Mama, maiki ilikuwa inashika vizuri?"

"Ilishika vizuri."

"Basi."

Hatujaongea zaidi ya hapo mpaka leo, na hakuna kilichobaki kusemwa.

Robi amekwisha kukatwa, sasa yuko kwenye dawa nyekundu. Siku za dawa halali kwa mwalimu. Yeye si mama mkwe wa mtu pale, kwa hiyo analala ndani kabisa kwa Ochieng', anakula mezani pake, na asubuhi ananiletea kwenye benchi umbea wa nyumba ambamo mimi sitawahi kulala. Analalamika kwamba yeye hawekewi rumba. Marwa hupiga simu kila jioni kumuuliza kama amekula.

Juzi tulikuwa kwenye benchi letu, nimekaa naye kama nilivyoahidi. Wimbi ni langu sasa kumshonea, na nimelifunga ndani ya nailoni lisinyeshewe. Karibu nasi alikaa msichana mwenye bahasha ya hospitali, ameikumbatia. Alimwinamia Robi sikioni akamuuliza jambo. Sikusikia swali, ila jibu lilisikika mpaka dirisha la dawa.

"Titi, mwanangu! Hili hapa! Walikata, na nimekunywa chai asubuhi!"

Muuguzi akachungulia mlangoni, akituonya kwa upole. "Akina mama, tupunguze sauti kidogo."

"Hapana, dada," Robi akamjibu. "Tulishapunguza sana."

Jina likaitwa ndani. Tukasogea, msichana akaketi palipokuwa na joto letu, akafungua bahasha yake.